Sura ya Saba: Vidole vya Mzee Dema

"Kwa mara ya mwisho, dada yangu," alisema Inspekta Kobe. "Samaki yule alitoka wapi?"

"Baharini."

Koplo aliyekuwa akiandika maelezo aliinua kalamu, akamtazama bosi wake kuona kama na hilo nalo aliandike. Inspekta akamtikisia kichwa: andika.

"Kwamba samaki hutoka baharini hata mbuzi anajua. Nani alimleta nyumbani?"

"Baba."

"Akiwa mzima?"

"Akiwa vipande. Kichwa hana, ngozi hana, matumbo hana. Baba hunipa samaki wa kutia sufuriani tu. Siku zote. Ngozi ya samaki mbichi ikinigusa natoka mabaka mpaka kwenye kiwiko."

"Na nyama yake?"

"Nikila navimba macho. Nenda zahanati wakakuonyeshe daftari. Mwaka nilioolewa nilikula kwa adabu, nikalazwa kwa adabu hiyo hiyo."

Koplo akacheka kidogo, akajikohoza. Inspekta hakucheka. Alikuwa mtu wa mwendo wa polepole, na waliombandika jina la Kobe walikusudia kumkejeli; yeye akalivaa kama cheo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwanamke huyu alitoka bara, akaolewa kisiwani na mtoto wa pekee wa Mzee Dema. Mume alikuwa baharia wa meli ya mizigo, miezi kumi mbali, miwili nyumbani. Nyumba ile, basi, ilikuwa ya watu wawili: mkwe na mkwewe. Jana mchana mkwe alipika supu ya samaki, mzee akanywa mabakuli mawili, akasifu. Kabla ya saa kumi midomo yake ikafa ganzi, kisha miguu, kisha ulimi, kisha kifua. Daktari na muuguzi wakamsukumia pumzi kwa mkono, wakipokezana, mpaka kifua kikaikumbuka kazi yake. Sumu ya bunju, daktari alisema. Bunju, samaki ambaye mtoto wa kisiwani hufundishwa kumwogopa kabla hajafundishwa kuogelea. Sumu yake hufunga mwili, haifungi akili: mzee alikuwa amelala zahanati, anasikia kila neno, hawezi kujibu hata moja.

Na kisiwa kizima kilikuwa na swali moja. Mzee Dema, mvuvi wa miaka hamsini, mtu aliyepewa jina la mtego wake mwenyewe kwa sababu hakuna aliyesuka dema kama yeye, angewezaje kumleta bunju nyumbani? Asingeweza. Basi ni nani? Ni yule asiyekula. Ni yule wa bara.

Mkuu wa Inspekta, ng'ambo ya maji, naye aliona hivyo hivyo. Amri ilikuwa fupi: boti ya saa tisa, mtuhumiwa awe ndani yake, akasomewe shtaka la kujaribu kuua.

"Jirani yenu anasema amekuona alfajiri, si mara moja, ukipanga mawe kwenye njia ya pwani," Inspekta aliendelea. "Anasema ni uchawi."

"Ningekuwa mchawi, Inspekta, mume wangu angekuwa anauza duka hapo mtaani. Asingekuwa anazunguka dunia na mizigo ya watu."

"Basi ulikuwa unafanya nini?"

Akaanza kukunja ncha ya mtandio wake.

"Dada?"

"Nilikuwa nafagia."

"Unafagia mawe?"

Akatazama mikono yake. "Nipeleke tu, Inspekta. Saa tisa si mbali."

Inspekta alifunga jalada. Katika miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa ameona wenye hatia wakijitetea, na wasio na hatia wakijitetea kwa kelele zaidi. Huyu hakujitetea kabisa. Mtu anayenyamaza namna ile, Inspekta alimwambia koplo wakitoka, ana kitu amekikalia; na si lazima kiwe chake.

*

Jirani alikuwa Mama Mizani, mpima samaki wa pwani, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo.

"Mimi, Inspekta, si mtu wa maneno," alisema, kisha akasema robo saa nzima. "Kila siku, 'Baba pumzika, Baba pumzika, twende bara ukapumzike.' Mtu mzima unamwambia apumzike wapi, kama si kaburini? Mzee akitia mtumbwi majini, yeye huyo dirishani, macho pima, mpaka arudi. Huo ni upendo? Huo ni ulinzi wa benki!"

"Na mzee alimwonaje mkwewe?"

Mama Mizani akasita. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile kinywa chake kukosa kazi. "Alimpenda," akakiri, kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi. "Hilo siwezi kusema uongo. 'Mwanangu' hapa, 'mwanangu' pale. Samaki alikuwa anamchuna mwenyewe huko huko mtumbwini, ili huyu asiwashwe. Ndiyo maana inaniuma, Inspekta!"

Jikoni kwa Mzee Dema, sufuria ya jana ilikuwa imefunikwa na kutiwa lakiri ya polisi. Inspekta alipiga magoti kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, akachokonoa kwa kijiti. Maganda ya vitunguu. Majivu. Hakuna kichwa cha samaki, hakuna ngozi, hakuna pezi. Akachungulia chini ya kizingiti, nyuma ya pipa la maji, kwenye mfuko wa makapi. Hakuna.

"Andika," alimwambia koplo. "Samaki aliingia nyumba hii akiwa amechunwa. Mwanamke hakumwona sura."

"Au alimzika sura pwani, afande. Jana alfajiri alikuwa huko na mawe yake."

"Ndiko tunakokwenda."

Njia ilitoka mlango wa uani, ikapita nyuma ya nyumba nne, ikapinda kwenye karakana ya kukarabati mashine, kisha ikateremka mpaka mitumbwini. Upande wa kulia ilikuwa imefagiwa, safi, hakuna hata gamba la chaza. Upande wa kushoto kulikuwa na mawe ya ukubwa wa ngumi, moja baada ya jingine, kila hatua jiwe. Inspekta akaenda ameinama. Kwenye kona palikuwa na mawe mawili yaliyogusana. Mteremko ulipoanza, matatu.

Aligeuza mawe kumi. Chini yake hapakuwa na hirizi, wala kichwa cha samaki, wala kitu chochote isipokuwa siafu waliokasirika.

Akarudi mpaka mlangoni. Akasimama. Akafumba macho.

"Afande, unaumwa?"

"Nyamaza. Na usinishike hata nikianguka."

Akaanza kutembea, wayo wa kushoto ukipapasa jiwe hadi jiwe. Hatua arobaini, mawe mawili: akapinda. Hatua tisini, mawe matatu: akalegeza magoti, akateremka. Nyuma yake alimsikia Mama Mizani, aliyewafuata, akisema, "Mungu wangu, na huyu naye karogwa!" Hatua ya mia na kumi, goti lake likagonga mbao. Akafumbua macho. Alikuwa amesimama ubavuni mwa mtumbwi wa Mzee Dema, na hakuwa amejikwaa hata mara moja.

"Koplo," alisema, "njia hii haihitaji macho."

Ndani ya mtumbwi kila kitu kilikuwa kimefungwa mahali pake kwa uzi: kisu, kata ya kukumbia maji, kibuyu. Kwenye mpini wa kafi palining'inia kamba yenye mafundo, kumi kwa kumi, imelainika kwa kushikwa. Ya kuhesabia makafi, Inspekta alikisia: mengi hivi mpaka mwamba wa kwanza, mengi hivi mpaka wa pili. Maboya ya akiba ya mitego yalichongwa ukingoni, moja chale moja, jingine mbili, jingine tatu. Wavuvi wengine wa pwani ile walipaka yao rangi.

Na chini ya ubao wa kukalia, ndani ya kikapu, kulikuwa na glavu.

Zilikuwa glavu nene za mpira, mpya, karatasi ya dukani bado imenata kwenye kiganja kimoja. Zilinuka samaki, harufu ya siku moja tu. Inspekta alizigeuza polepole. Kwenye pindo la glavu ya kulia mtu alikuwa ameshona uzi mwekundu, akaumalizia kwa fundo la ukubwa wa punje ya mtama. Ya kushoto haikuwa na kitu.

"Mama Mizani! Una pono hapo mizanini?"

"Nina pono wa kila umri."

"Nipe mmoja. Na bunju ana mdomo wa namna gani?"

"Kama wa kasuku. Kama wa huyu huyu pono. Lakini mtoto mdogo hawachanganyi, Inspekta! Pono ana magamba mapana kama kucha, bunju hana gamba hata moja, tumbo lake ni msasa. Unajua kwa kugusa tu."

"Si hufura akishikwa?"

"Akiwa hai. Akifia ndani ya dema utamkuta amenywea kama mfuko mtupu."

Inspekta akafumba macho tena, akampapasa pono kwa mikono mitupu. Magamba yalijieleza yenyewe, mapana, yamepangana kama vigae. Kisha akavaa glavu, akampapasa tena. Mdomo wa kasuku aliupata. Mkia aliupata. Baina ya mdomo na mkia, alichoshika kingeweza kuwa samaki yeyote wa bahari yoyote.

Akazivua glavu. Koplo, aliyezoea kuona uso wa bosi wake ukichangamka akishika ncha ya uzi, alishangaa kuuona umekunjamana.

Saa saba na nusu ilikuwa imegonga.

*

Zahanati ilikuwa na vitanda vinne, na ni kimoja tu kilichokuwa na mtu. Pembeni yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Mwenyekiti wa Wavuvi, mzee mwenzake mgonjwa, miwani puani, kofia magotini. Tangu jana hajatoka, muuguzi alisema, ila kwenda msalani, na huko pia huenda kwa kulazimishwa.

"Kuna habari njema," muuguzi aliongeza. "Kidole kimoja kimeamka."

Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimelala juu ya shuka. Kilikuwa kimejaa makovu madogo, mapya na ya zamani, kama ubao wa kukatia mboga. Inspekta alivuta kiti.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni polisi. Ukikubali, kunja kidole mara moja. Ukikataa, mara mbili. Umenielewa?"

Mara moja.

"Maelezo ya mgonjwa asiyesema hayasimami bila shahidi ambaye si askari, si ndugu na si mhudumu. Hapa shahidi ni mmoja, Mwenyekiti wako, na atasikia kila kitu. Naweza kukutafutia mwingine, lakini si kabla ya jioni. Mkweo anapandishwa boti saa tisa. Tungoje?"

Mara mbili. Hata hakufikiri.

"Anapandishwa boti kwa nini?" Mwenyekiti alianza.

"Subiri, mzee wangu." Inspekta akakiinamia kitanda. "Yule samaki, mkweo alimnunua?"

Mara mbili.

"Alitoka kwenye dema lako?"

Mara moja.

"Ulimchuna mwenyewe?"

Mara moja.

Inspekta akasogeza kiti karibu. Kalamu ya koplo ikasubiri. "Mzee, wewe huoni. Sivyo?"

Huko pwani mashine ya barafu ilinguruma. Kidole kilitulia juu ya shuka. Nyuma yake kulikuwa na miaka hamsini, na jina, na mtumbwi wenye namba, maana sheria ya wavuvi ilisema wazi: asiyeona hapewi namba ya chombo, na aliyeisimamia sheria hiyo alikuwa amekaa pale pale, kofia magotini.

Kidole kikakunjika. Mara moja.

Mwenyekiti akavua miwani. "Tangu lini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imekonda. "Mwaka?"

Kidole kikahesabu: moja, mbili, tatu, nne.

"Minne!" Mwenyekiti akasimama, akakaa tena. "Miaka minne unavua gizani, wewe shetani? Na mimi na macho yangu mawili, na haya mengine ya dukani, kila siku mizani inasema umenizidi! Mimi nikawa nakwambia una hirizi! Nikakuomba hata unionyeshe mganga wako!"

Kidole kikatetemeka, kikatetemeka tena, bila mpangilio. Inspekta akamgeukia muuguzi, akihofia degedege.

"Anacheka," muuguzi alisema.

Mwenyekiti naye alikuwa anacheka, machozi yakimtiririkia mashavuni. Kisha kicheko kikaisha, akaushika ule mkono. "Sheria tuliitunga wote, ndugu yangu. Namba itabidi uirudishe. Wajua?"

Mara moja.

"Ningekuwa mimi, ningemwacha mkwe apande boti kwanza, nifikirie," Mwenyekiti alisema, akamgonga rafiki yake begani kwa ngumi nyepesi. "Wewe hukufikiri hata kidogo. Mshenzi mkubwa."

Inspekta akamwambia koplo aweke kalamu chini. Koplo akaiweka. Ndipo Inspekta akatoa glavu kwenye mfuko wa karatasi.

"Hizi alikupa mkweo."

Mara moja.

"Ili usijikate. Jana ndiyo mara ya kwanza kuzivaa."

Mara moja.

"Na ulipozivaa ukawa kipofu kweli, mzee. Kwa nini hukuzivua?" Akakumbuka kwamba swali hilo halina ndiyo wala hapana, akaligeuza. "Ulizivaa ili usimvunje moyo?"

Kidole kikakunjika, kikabaki kimekunjika.

"Niandike hayo?"

Mara mbili, kwa nguvu mpaka shuka likakunjamana. Mara mbili tena. Na tena.

"Basi. Nimesikia." Inspekta akashusha sauti. "Yeye anajua kwamba huoni?"

Mara mbili.

Inspekta alimtazama mzee, akatazama glavu ya kulia. Kisha akakichukua kile kidole chenye makovu, akakilaza juu ya fundo la uzi mwekundu.

"Ulidhani fundo hili limetoka nalo dukani, eeh? Halikutoka dukani, mzee wangu. Limeshonwa kwa mkono, upande wa kulia tu. Nani humwekea alama ya kushika mtu anayeona? Na ile njia yako ya pwani, miaka yote hii hujajikwaa hata mara moja. Ulifikiri mawe yanajipanga?"

Kidole kilibaki juu ya fundo. Kililizunguka, kikalirudia, kama kinasoma. Jicho lile lisiloona likajaa maji, yakashuka sikioni, na mwenyewe hakuweza kuyafuta. Mwenyekiti akamfutia kwa kofia yake.

*

Mkuu alipokea simu kwa mlio wa pili.

"Hakuna jinai," Inspekta alimwambia. "Mzee haoni kwa miaka minne sasa. Amekiri mbele ya shahidi. Samaki alifia ndani ya dema, akamchuna akidhani ni pono. Mwanamke alipika alichopewa."

"Mvuvi mzoefu, hata akiwa haoni, si angemjua kwa mikono?"

Inspekta alitazama ukuta. "Mikono nayo imezeeka, mkuu."

"Hilo liko kwenye maelezo?"

"Litakuwepo."

Akakata simu. Koplo alikuwa akimtazama kwa macho makubwa. "Afande, na zile glavu?"

"Glavu gani?" alisema Inspekta Kobe.

Mkwe aliletwa zahanati saa tisa kasoro dakika kumi, kijifuko chake cha safari mkononi, askari wa kike ubavuni. Inspekta alimpokea kwenye ukumbi mwembamba, akamwambia kwamba yu huru, na kwa nini. Alitarajia machozi. Akapata moto.

"Amesema mwenyewe? Mbele ya Mwenyekiti?" Mwanamke alitupa kijifuko chini. "Nani alimwambia aseme? Sasa si wamemnyang'anya mtumbwi! Miaka minne naamka kabla ya jogoo, napanga, nafagia, najitia mjinga, ili asijue kwamba najua, ili watu wasijue kabisa! Mimi ningekwenda huko ndani. Ningekaa. Mume wangu angerudi, tungeona. Baba bila bahari atakaa wapi?"

"Alichagua, dada. Nilimpa nafasi ya kungoja, akakataa."

Akaegemea ukuta. Moto ukamwishia ghafla. Alipozungumza tena, alizungumza kwa sauti ya chini.

"Lakini Inspekta, kitu kimoja sikielewi. Baba huona kwa vidole. Nimemwona akichambua kikapu kizima cha samaki, jina kwa jina, akiwa ameangalia pembeni. Vidole vyake vilikosaje?"

Mpelelezi ambaye hakuwahi kumdanganya shahidi alikunja mfuko wa karatasi, akauweka kwapani.

"Maji yalikuwa ya baridi jana asubuhi. Vidole vilikufa ganzi."

"Baridi."

"Baridi kali."

Mwanamke alimtazama muda mrefu, kama mtu anayepima kamba kabla ya kuning'inia. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Nitamwambia nini sasa? Mimi na Baba tumezoea kufichana."

"Mwambie unajua. Keshajua kwamba unajua."

Akaingia. Kupitia mlango uliobaki wazi, Inspekta alimsikia Mwenyekiti akisogeza kiti: "Njoo, mwanangu, kaa hapa. Mzee wako kastaafu leo. Nakuomba sana, usimwache aje kunisumbua kwangu."

Mkwe hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alikaa, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili. Halafu akageuza uso kwenye dirisha lililotazama gati. Katika miaka yote minne, hiki ndicho kitu ambacho hakuwahi kuthubutu kukifanya, maana kingemfichua. Akaanza kumweleza anachokiona.

"Baba, jua liko juu ya maji, limetapakaa kama mafuta. Kuna watoto watatu wanaoga karibu na ngazi. Na ile boti ya saa tisa ndiyo inaondoka. Ya bluu, Baba. Bendera yake imechanika. Imejaa watu." Akameza mate. "Mimi simo."